Mtoto Mwenye Uzito Mdogo Anahitaji Uji na Mchezo

Mara nyingi kliniki huja mtoto wa mwaka mmoja asiyelia wala kucheza. Ukimweka mkekani anabaki pale pale. Mama yake husema, "Mwanangu ni mpole, hanisumbui." Lakini mizani inaonyesha kuwa uzito wake ni mdogo.

Wazazi, huo mara nyingi si upole. Mtoto asiyepata chakula cha kutosha hana nguvu. Hatambai, hashiki vitu, haigi maneno. Na mtoto hujifunza kwa kutambaa, kushika na kuiga. Tena kwa kuwa ametulia, watu humwacha peke yake. Hakuna anayemsemesha. Hivyo anakosa mara mbili.

Je, chakula peke yake kinatosha? Jambo hili lilichunguzwa Jamaika, kisiwa ambacho wengi wa watu wake wana asili ya Afrika. Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston, walichaguliwa watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi walipewa maziwa ya unga kilo moja kila wiki. Baadhi walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki na mhudumu wa afya, aliyemwonyesha mama jinsi ya kucheza na mwanawe. Wengine walipata vyote viwili. Wengine hawakupata chochote kati ya hivyo. Baada ya miaka miwili, maziwa yalikuwa yamesaidia, na michezo ilikuwa imesaidia. Waliopata vyote viwili ndio waliokuwa mbele ya wote. Miaka 20 baadaye, wale waliochezeshwa walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 25 hivi kuliko wasiochezeshwa.

Vifaa vya michezo vilitengenezwa kwa vitu vya nyumbani tu. Hata sisi tunavyo. Mpe mtoto kijiko na kikombe cha plastiki agonge. Ficha mpira wa matambara chini ya kanga, autafute. Unapochambua mboga, mtajie: hili jani, hiki kisu, huyu kuku. Baba naye anaweza. Kumsemesha mtoto si kazi ya wanawake peke yao. Usimpe punje za mahindi wala kokoto, zitamkaba.

Mchezo haushibishi. Mtoto aliyetimiza miezi 6 aendelee kunyonya, na apewe uji mzito mara kadhaa kwa siku. Utie karanga zilizosagwa laini, au dagaa waliotwangwa, au mafuta kidogo. Uji mwepesi kama maji hujaza tumbo bure.

Watoto wengi hukaa bila kushikwa kabla ya kupita miezi 9, na hutembea wenyewe kabla ya miezi 18. Wako akichelewa, mpeleke zahanati pamoja na kadi yake. Akivimba miguu yote miwili, au akikataa kula kabisa, mpeleke siku hiyo hiyo, usingoje siku ya kliniki.