BARIDI YA PORI: HAIKUWA UCHAWI



Mwaka uliopita, katika mwezi wa Novemba, nilizika kijana wa miaka 19. Alikuwa muchimbaji wa zahabu, mutoto wa mama mumoja wa kanisa letu hapa Salamabila. Shimo halikumuangukia. Radi haikumupiga. Alikufa porini, usiku mumoja wa mvua, mwendo wa siku moja kutoka hapa. Leo nataka tuzungumuze juu ya kifo hiki, sababu nyuma ya maziko kulitokea neno baya kuliko maziko yenyewe.

Wenzake watatu walinieleza hivi. Walitoka asubuhi, kila mutu na muzigo wake: beche, karai, unga, na shitingi moja ya wote. Mvua ikawakamata saa nane ya muchana, haikuacha mpaka usiku. Wakavuka kijito, maji yakawafika kifuani, kibiriti kikalowana. Walipofika pahali pa kulala hawakuweza kuwasha moto. Wakatandika shitingi chini, juu ya udongo wenye maji, wakalala na nguo zile zile. Kijana akaanza kutetemeka sana. Wakamupa lutuku ili apate joto. Baada ya muda akaacha kutetemeka, nao wakafurahi. Halafu akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Mbele ya kupambazuka akasimama, akavua shati na suruali, akisema anaungua. Akaenda hatua chache, akaanguka. Kulipokucha, alikuwa amekwisha kufa.

Munajua vile watu walisema. Mutu anavua nguo katika baridi? Anasema anaungua, na mvua inamunyeshea? Hiyo ni uchawi! Jina la shangazi yake, mujane muzee mwenye kukaa peke yake, likatajwa hata mbele ya kilio kuisha. Vijana wakaenda kwa nyumba yake na mawe mukononi. Mimi na wazee wawili wa kanisa tulisimama mulangoni mpaka usiku. Namushukuru Mungu, hakuna jiwe lililotupwa. Lakini mama yule alihama na kitambaa chake tu kichwani, na mpaka leo hajarudi.

Wapendwa, niwaambie waziwazi: kijana huyu hakulogwa. Aliuawa na baridi.

Baridi inaua namna gani?

Wengi wetu tunafikiri baridi inaua Ulaya tu, kwenye theluji. Sivyo. Mwili wa mutu una joto la karibu digri 37. Likishuka chini ya 35, hatari imekwisha kuanza. Na ili lishuke hivyo hakuhitajiwi barafu. Nguo zenye maji, upepo, njaa na uchovu vinatosha, maana maji yanaondoa joto la mwili mbio sana kuliko hewa kavu. Usiku wa mvua katika vilima vyetu unaweza kufanya kazi hiyo.

Kwanza mutu anatetemeka, sababu mwili unajitafutia joto. Vidole vinakuwa vizito, hata kifungo cha shati kinamushinda. Kisha anasema ovyo na kujikwaa kama mulevi. Halafu kutetemeka kunaisha. Hapo wenzake wanafurahi, kumbe hapo ndipo kifo kinakaribia: mwili hauna tena nguvu ya kujipasha. Na wengine, kwa mwisho, wanasikia kama wanaungua, wanavua nguo. Wanganga wa hospitali wanaijua alama hiyo. Imeonekana mara nyingi kwa watu waliopotea milimani katika inchi za theluji, pahali hakuna hata mutu mumoja anayemujua shangazi huyu.

Na lutuku? Lutuku inadanganya. Inafungua mishipa ya ngozi, damu yenye joto inakimbilia inje, na mutu anasikia vizuri, kumbe joto lake linamutoka. Wenzake walimupa kwa upendo. Siwahukumu. Hawakujua.

Livingstone katika mvua yetu

Taabu hii si mupya katika inchi yetu. Daktari Livingstone alifika Kabambare, ile aliandika Bambarre, katika mwezi wa Septemba 1869. Mvua zilizofuata zilimushinda. Alipita katika majani marefu yenye maji, akavuka mito, akapata homa na tumbo kuendesha. Katika Februari 1870 akakubali kusimama, akakaa kambini Mamohela mpaka Juni. Aliandika mwenyewe yale yaliyomuponyesha: kupumuzika, kujikinga na mvua, kuchemusha maji yote, na zaidi viazi vya wenyeji vyenye kuitwa nyumbo. Alipotaka kuendelea, alibaki na watu watatu tu, Susi, Chuma na Gardner. Vidonda vya miguu vikamurudisha Kabambare, vikamufunga pale tangu Julai 1870 hata Februari 1871. Katika siku zake za Manyema alisoma Biblia nzima mara ine.

Muangalie vizuri. Alikuwa munganga, mwenye elimu na dawa. Lakini chakula kilichomurudishia nguvu kilitoka katika mashamba ya mababu zetu, na uzima wake ulitoka katika mambo matatu ambayo kila mama anaweza kuyafanya: pahali pakavu, maji ya kuchemushwa, chakula kinachojulikana.

Yale mujomba alinifundisha

Mwaka 1998, vita ilipofika kwetu, nilikuwa kijana. Jamaa yetu ilikimbilia pori katika mvua, na watoto wadogo mugongoni. Mujomba wangu alikuwa muwindaji. Tulilala siku nyingi chini ya majani, na hakuna mutoto wetu aliyekufa. Alikuwa na sheria ine, na hakucheka na mutu juu yake.

Ya kwanza: nguo moja kavu. Kila mutu awe na nguo moja isiyoguswa na mvua, imefungwa ndani ya plastiki, ya kulalia tu. Asubuhi ulivaa tena ile yenye maji, hata ukilia. Kwa kutembea mwili unapata joto. Kwa kulala, hapana.

Ya pili: usilale chini. Udongo wenye maji unanyonya joto la mwili usiku kucha. Tulikata fito, tukapanga kitanda, tukaweka majani makavu juu yake. Shitingi inafaa kuwa juu yako, si chini yako. Kama haiko, tumia majani mapana yale mama anafungia chikwangi. Anza kuyapanga chini ukipanda juu, jani la juu lifunike la chini, maji yatelemuke. Usijenge karibu na kijito, maana maji yanaweza kujaa usiku. Usijenge chini ya tawi lililokauka.

Ya tatu: moto unatafutwa mbele ya mvua. Kibiriti kikae ndani ya chupa yenye kufungwa vizuri. Kuni zilizolala chini zinakunywa maji. Tafuta muti uliokufa ukingali umesimama, uupasue, ndani yake ni kukavu. Utomvu wa mupafu unawaka hata siku ya mvua. Vijana wa leo wanabeba kipande cha mupira wa ndani wa kinga. Ni vizuri kwa kuwasha, lakini ngoja uishe kuungua mbele ya kupika. Tena usiingize makala ya moto ndani ya kibanda kilichofungwa na shitingi pande zote. Hewa yake mbaya haionekani wala hainuki, na inaua mutu katika usingizi.

Ya ine: usile usichokijua. Mujomba alijua njia zote za nyama, lakini uyoga aliuachia mama zetu, wenye kujua ule wa kichuguu tangu utoto. Hakuna alama moja ya kutambua kila uyoga mbaya. Sumu ya mwingine haitoki kwa kupika, na maumivu yanaweza kukawia hata nusu ya siku. Na muhogo muchungu ukae ndani ya maji siku tatu, hata kama njaa inalia. Njaa ya siku tatu inapita, lakini sumu ya muhogo inaweza kulemaza miguu kwa maisha yote.

Mutu akikamatwa na baridi

Musimuache atembee wala abaki peke yake. Mumuvue nguo zenye maji, mumupanguse, mumuvike kavu, mumufunike na kichwa. Mutu mwenye joto alale naye kifua kwa kifua ndani ya blanketi moja. Kama ana akili na anaweza kumeza, mumupe chai ya moto yenye sukari. Musimupe lutuku. Musimusugue mikono na miguu kwa nguvu, wala kumuchoma karibu na moto. Kama kutetemeka kumeacha na anasema ovyo, mumubebe kwa kipoyi mpaka kituo cha afya, mukiendelea kumupasha. Hata akionekana kama amekufa, musikate tumaini mbio.

Ninyi wakubwa wa mashimo, ninyi PDG, munanunua pompe na mafuta. Munuwe na shitingi na blanketi kwa wale wanaowachimbia. Ninyi wazazi, mutoto akienda karie, mumuulize: nguo yako kavu iko wapi?

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 28, watu wa Malta waliwasha moto kwa ajili ya Paulo na wenzake, sababu ya mvua na baridi. Ilikuwa kazi njema sana. Lakini nyoka alipomushika Paulo mukono, watu wale wale wakasema kwamba ni muuaji. Wakangojea, wakaona wamekosa. Sisi pia tuko hivyo: wepesi wa kuwasha moto, wepesi wa kuhukumu. Tushike kazi ile ya kwanza, tuache ya pili.

Juma lililopita mama wa marehemu alikuja kwangu. Nilimueleza yote niliyoandika hapa. Alinyamaza sana. Kisha akasema: "Pasta, wifi yangu analala wapi na mvua hii?" Mwezi huu tutaenda pamoja kumurudisha nyumbani. Mutuombee.