Nusu marathoni ya kwanza: tunza miguu mapema

Nusu marathoni ni kilomita 21.1. Unaweza kuwa na pumzi ya kutosha na bado ukamaliza ukichechemea kwa malengelenge, yanayotokea ngozi yenye jasho inaposuguliwa. Usinunue viatu vipya kwa ajili ya siku ya mbio, hata vikipendeza vipi. Vizoeshe mazoezini kwa wiki kadhaa, ukiongeza umbali kidogo kidogo. Soksi za pamba hushika unyevu, afadhali za nailoni. Paka mafuta ya mgando vidoleni na kisiginoni kabla ya kuanza. Lengelenge dogo usilitumbue, lifunike kwa plasta. Mwenye kisukari afike kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama haliumi: kwake kidonda cha mguu hukawia kupona.