Dawa ya saratani imetoka kwenye ua, lakini usilichemshe

Wazazi wengi wa Kibaha na Kisarawe huniuliza: "Daktari, si mnasema hata dawa zenu zinatoka kwenye mimea? Kwa nini nisimchemshie mwanangu majani hapa nyumbani?" Swali ni la haki, na sehemu yake ya kwanza ni kweli kabisa.

Lile ua dogo la waridi au jeupe, lenye petali tano, linalovumilia mchanga na jua la Pwani, asili yake ni Madagaska. Wataalamu huliita Catharanthus roseus. Miaka ya 1950 watafiti wa Kanada walichunguza majani yake wakitafuta dawa ya kisukari. Sukari haikushuka, ila waliona chembe nyeupe za damu za wanyama wa maabara zinapungua. Kutokana na mmea huo tukapata vinkristini, dawa inayotibu watoto wenye saratani hadi leo.

Seli inapotaka kugawanyika hujenga nyuzi nyembamba za kuvuta kromosomu, nusu huku, nusu kule. Vinkristini huzuia nyuzi hizo zisijengeke. Seli hukwama katikati ya kazi, na mwishowe hujiua yenyewe. Zinazogawanyika kwa kasi ndizo zinazoumia zaidi. Hata hivyo, neva nazo hutegemea nyuzi za aina hiyo, ndiyo maana mtoto aliye kwenye dawa anaweza kulalamika ganzi miguuni au kukosa choo. Mwambieni muuguzi, msinyamaze.

Sasa kuhusu kuchemsha. Kupata gramu moja ya vinkristini huhitaji mamia ya kilo za majani makavu. Mmea wenyewe una kemikali nyingine nyingi, zikiwemo za sumu. Dawa hupimwa kulingana na mwili wa mtoto na huingizwa kwenye mshipa wa damu tu. Kikombe cha majani hakina kipimo.

Msidanganyike pia na habari kwamba mlonge au majani ya stafeli "yameua seli za saratani maabara". Kwenye kisahani cha maabara hata jiki inaziua.

Kinachoniumiza ni muda. Uvimbe wa taya aliouelezea Dk. Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958 unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache tu. Watoto wengi hupona wakiwahi matibabu, na vinkristini ni mojawapo ya dawa hizo. Mwezi mmoja wa kujaribu mizizi ni mrefu mno.

Ukiona taya au tumbo la mtoto linavimba haraka, nenda Tumbi au Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe, uulize kuhusu rufaa ya Muhimbili. Kama ameshakunywa mitishamba, njoo na chupa au jani lenyewe. Baadhi hubadilisha namna ini linavyoondoa dawa mwilini, na daktari anahitaji kujua kabla ya sindano ya kwanza. Hatutakugombeza.