Je, Wajua? Nakala za Michoro Maarufu za Kutundika Nyumbani

Mchoro halisi wa Van Gogh au Klimt huuzwa kwa mamilioni ya dola, lakini nakala iliyochapishwa vizuri na kutiwa fremu inaweza kuipendezesha sebule yako kwa miaka mingi. Nakala nzuri huiheshimu kazi ya mchoraji. Haya yatakusaidia kuitambua.

Ukubwa hudanganya. Je, wajua kwamba mchoro wa Salvador Dalí wenye saa zinazoyeyuka, wa mwaka 1931, una sentimita 24 kwa 33 tu? Umeizidi kidogo karatasi ya A4. "Busu" la Gustav Klimt, lililoko Vienna, lina sentimita 180 kila upande. Dukani utakuta nakala za michoro hiyo miwili zina ukubwa mmoja. Ulizia vipimo vya mchoro wenyewe kabla hujachagua.

Dhahabu haichapiki. Kwenye "Busu", Klimt alibandika dhahabu halisi iliyofuliwa ikawa nyembamba mno. Ukisogea mbele yake, mng'ao nao hubadilika. Wino wa kawaida huishia kwenye njano na hudhurungi, ndiyo maana baadhi ya wachapishaji hubandika karatasi ya kung'aa juu ya nakala.

Kuta za buluu zilikuwa za zambarau. Mwaka 1888, Van Gogh alichora chumba chake cha kulala mjini Arles, Ufaransa, akamwandikia mdogo wake Theo kwamba kuta ni za zambarau hafifu. Rangi nyekundu aliyoichanganya imepauka, ikabaki buluu. Nakala yenye kuta za buluu haijakosea. Inaonyesha mchoro ulivyo leo.

Jua halina huruma. Miaka ya 1960, Mark Rothko alikichorea Chuo Kikuu cha Harvard michoro mikubwa, ikatundikwa katika ukumbi wa chakula wenye madirisha mapana. Wekundu wake ulififia vibaya mno, na kufikia 1979 ilikuwa imeshushwa yote. Ikiwa jua lilishinda rangi za Rothko, karatasi yako usiielekeze dirishani. Makumbusho mengi huzimulikia kazi za karatasi kwa mwanga usiozidi luksi 50.

Lenzi hufichua siri. Iangalie nakala kwa lenzi ya kukuzia. Ukiona vitone vya buluu, waridi, njano na nyeusi vilivyojipanga kwa mpangilio mmoja, hilo ni bango la mtambo wa kawaida. Mashine za kunyunyiza wino huacha vitone vidogo zaidi visivyo na safu. Hapo uliza kama wino ni wa pigimenti, maana huo hukawia kupauka.

Kioo kisiguse karatasi. Kwenye unyevu, kama wa miji ya pwani, karatasi hugandamana na kioo. Fundi makini huweka kati yake ukingo wa kadibodi isiyo na asidi. Kadibodi duni huacha mstari wa kahawia pembezoni mwa picha.

Nyingine ni za bure. Picasso alifariki mwaka 1973, hivyo hakimiliki ya kazi zake Ulaya itadumu hadi mwisho wa 2043. Van Gogh alifariki 1890, na kazi zake ni za wote. Tangu 2018, makumbusho ya Art Institute of Chicago, yenye toleo mojawapo la chumba kile cha Arles, yanaruhusu yeyote kupakua picha yake yenye ubora wa juu bila malipo. Ipakue, kisha tafuta mchapishaji mwenye wino mzuri na fundi wa fremu unayemwamini.