Mtutu Uliochujuka

Huku Pennsylvania, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huanza Jumamosi inayofuata Thanksgiving, sikukuu ya mwishoni mwa Novemba. Hadi 2018 ulikuwa ukianza Jumatatu, na shule nyingi za vijijini zilifungwa siku hiyo ili watoto waende porini na baba zao. Kwa hiyo ikifika Oktoba, bunduki zinatolewa makabatini, na hapo ndipo watu wanapogundua kwamba unyevu wa kiangazi umekula chuma.

Mimi ni mtu wa Tanga, fundi wa mashine za kuchonga vyuma, si fundi wa bunduki. Sheria ya Marekani inamtaka anayetengeneza bunduki za watu kama biashara awe na leseni, kwa hiyo nashika za nyumbani tu, mwenyewe akiwa amekaa pembeni na kahawa yake. Ninayoijua zaidi ni ya baba mkwe: shotgani ya mtutu mmoja, Winchester Model 37. Zilitengenezwa kuanzia 1936 hadi 1963, zaidi ya milioni moja, bunduki ya bei nafuu ya mkulima na ya kijana anayeanza kuwinda sungura. Hii imebebwa mno. Chini ya mwili wake, pale kiganja kinaposhika mtu anapotembea, weusi umekwisha na chuma kinang'aa kama kijiko. Mtutu una vidoa vya kutu.

Mpwa wangu alipoiona alisema, "Mjomba, si tuipulizie rangi ya mkebe tu, tumalize?"

"Rangi itabanduka msimu huu huu, mwanangu," nikamwambia. "Na chini yake kutu itaendelea kula bila wewe kuiona."

Weusi wa bunduki nao ni kutu, ila kutu ya namna nyingine. Kutu nyekundu tunayoijua kwenye mabati huvimba, hupasuka na kumeguka, ikaacha chuma kipya kiliwe tena. Nyeusi, ambayo wanakemia huiita magnetaiti, hushikamana na chuma na kuyashika mafuta. Mafuta hayo ndiyo yanayolinda. Bunduki nyeusi isiyopakwa mafuta itashika kutu kama panga la jirani.

Viwandani weusi huo hupatikana kwa kuchemsha vipande ndani ya birika la kostiki, ile ile ya kutengenezea sabuni, iliyochanganywa na chumvi ya naitreti, kwenye joto la nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Tone moja la maji likianguka humo linaruka na kostiki usoni mwako. Si kazi ya gereji ya nyumbani. Tena shotgani za mitutu miwili pacha haziruhusiwi kabisa kuingia birikani, kwa sababu mitutu yake mara nyingi imeunganishwa kwa lehemu laini, na kostiki huila lehemu hiyo. Hizo hufanyiwa njia ya kale: chuma kinaachwa kishike kutu nyekundu kwa makusudi, kinachemshwa kwenye maji safi mpaka kutu igeuke nyeusi, kinasuguliwa, kisha mzunguko unaanza upya siku baada ya siku. Ni kazi nzuri kuliko zote, na malipo yake yanalingana na uzuri huo.

Dawa ya baridi, ile inayopakwa bila kuchemsha chuma, ni habari nyingine. Inauzwa kwenye chupa ndogo katika maduka ya wawindaji. Majina yanayojulikana zaidi ni Perma Blue ya Birchwood Casey na Oxpho-Blue ya Brownells. Nyingi zina asidi ya seleni na chumvi ya shaba. Mrututu ni mojawapo ya chumvi hizo, na aliyewahi kutumbukiza msumari kwenye maji ya mrututu ameuona ukivaa wekundu wa shaba. Katika dawa hii shaba na seleni hukaa juu ya chuma pamoja, na matokeo yake ni utando wa buluu iliyokoza hadi weusi. Magnetaiti haipo hapo, au ipo kidogo. Ni utando mwembamba, na kwenye mkono wa mtu anayewinda kila wiki hautadumu.

Kabla ya yote, bunduki inafunguliwa na kukaguliwa kwamba haina risasi, kwa jicho na kwa kidole, na risasi zote zinatolewa nje ya chumba cha kazi. Kisha inavuliwa mbao.

Kutu naiondoa kwa mafuta mepesi na sufu ya chuma iliyo laini kabisa, namba sifuri nne, wala si ile ya kusugulia masufuria. Penye mikwaruzo natumia msasa namba 320 kisha 400, umezungushiwa kipande cha mbao kilichonyooka. Hapo sina mjadala. Msasa ulioshikwa kwa vidole hula kingo, na kingo zikishalainika na matundu ya skrubu yakishageuka visahani, hata dawa ya bei gani haitaficha kwamba bunduki imepita mikononi mwa mtu mwenye haraka.

Halafu kuondoa mafuta, na hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani huharibika. Natumia asetoni, milango ikiwa wazi na hita ya maji ya gesi imezimwa, maana mvuke wake unawaka. Sufu ya chuma nayo naiosha kwa asetoni, kwa kuwa hutoka kiwandani ikiwa na mafuta. Kupima ni rahisi: namwagia chuma maji. Yakitanda kote kama shuka, ni safi. Yakijikusanya matone, mafuta yangali pale, narudia. Baada ya hapo chuma hakiguswi kwa mkono mtupu. Alama ya kidole itabaki doa jeupe katikati ya weusi.

Chuma nakipasha kwa draya ya nywele kiwe vuguvugu. Dawa naipaka kwa pamba, kwa mipapaso mirefu isiyosita, sehemu moja kwa mara moja. Rangi inakuja papo hapo: kijivu kwanza, kisha buluu yenye mawingu. Dakika moja inatosha. Nasuuza kwa maji baridi, nakausha, nasugua kwa wepesi kwa sufu ili mawingu yalegee, napaka tena. Kila mzunguko unakoleza kidogo. Ukisugua kwa nguvu wekundu wa shaba unachungulia, na ukimwaga dawa nyingi unapata ungaunga mweusi unaotoka na kitambaa.

Mwisho nasuuza kwa maji yenye magadi soda, kwa sababu asidi iliyobaki kwenye vijishimo itazaa kutu mpya usiku ule ule. Kisha mafuta mengi, na bunduki inalala hadi kesho bila kuguswa.

Seleni ni sumu. Glavu ni lazima, miwani ni lazima, na hewa ipite. Mtu akianza kunuka pumzi ya kitunguu saumu na hajakila, ajue imeshamwingia mwilini. Mabaki hayamwagwi kwenye bomba la maji machafu, na dawa hii isipakwe kisu cha jikoni. Chuma kisichoshika kutu hakiikubali, wala alumini. Hata miili ya Winchester 94 za miaka iliyofuata 1964 ni mashuhuri kwa kuikataa.

Ya baba mkwe ilikubali vizuri kwenye kiraka cha kiganja. Ukiitazama juani utaona mpaka kati ya weusi wa kiwandani na wangu, na yeye hana shida nao. Mtutu mzima nilikataa kuupaka. Kwangu dawa hii ni ya viraka, skrubu na kingo zilizochujuka. Anayetaka bunduki nzima iwe mpya aipeleke kwa fundi mwenye leseni na birika.

Na kabla hujanunua chupa, tazama maandishi. Model 37 za mwanzo zina jina la Winchester lililojazwa rangi nyekundu chini ya mwili, na wakusanyaji hulipa zaidi kwa ajili ya herufi hizo. Msasa unazifuta kwa dakika. Namba ya bunduki ni nzito zaidi, kwani kuifuta ni kosa la jinai chini ya sheria ya shirikisho. Model 37 haikupigwa namba kiwandani, na kabla ya sheria ya 1968 kulazimisha namba hilo lilikuwa jambo la kawaida kwa shotgani za bei nafuu, basi usihangaike kuitafuta. Na wewe msomaji uliye Tanzania au Kenya, ambako bunduki na namba yake zimeandikwa kwenye leseni yako, usiiguse kwa msasa: ipeleke kwa muuzaji wa silaha aliyeidhinishwa, leseni ikiwa mkononi.