Safari Fupi ya Kutazama Ndege Sudi: Mambo ya Kupatana Kabla ya Kulipa

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda kutazama ndege kwenye ghuba ya Sudi hununua vitu vitatu kwa pamoja: nauli ya basi, chombo cha majini na muda wa mwenyeji anayeijua mikoko. Malalamiko yanayotufikia kuhusu safari za namna hii hayahusu ndege hata kidogo. Huhusu arubuni isiyorudishwa, na mara nyingi zaidi huhusu mashua iliyokodiwa saa ambayo maji yamekupwa, ikakaa juu ya tope huku saa za kukodi zikihesabiwa.

Kwa hiyo tunaanza na maji. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hukupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na kila siku inayofuata huchelewa kwa takriban dakika hamsini. Maji yakikupwa, ndege hutawanyika mbali juu ya tope kutafuta chakula, na mtu mwenye darubini ya kawaida huona vitone tu. Maji yanapopanda huwasukuma kuelekea nchi kavu, hata wakakusanyika kwenye ncha za mchanga zisizofunikwa. Saa mbili za mwisho kabla ya maji kujaa ndizo zenye thamani. Siku za maji mafu tope halifunikwi lote, na ndege hawana sababu ya kusogea. Anayeahidi “safari ya asubuhi” bila kuulizwa tarehe anauza kitu asichokijua, au anakijua na hajali. Mapatano yaandikwe kwa kufuata maji, si kwa kufuata kifungua kinywa cha hoteli. Mvuvi yeyote wa Sudi atakueleza hali ya maji ya siku unayoitaka, bila malipo.

Majira nayo yana uzito wake. Vitwitwi na sululu wengi ni wageni kutoka kaskazini ya mbali, wengine kutoka Siberia, na huwapo kwetu tangu Septemba hivi hadi Aprili. Kati yao yumo mgeni wa karibu zaidi: ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi, ambaye chakula chake kikuu ni kaa. Huyu huchimba shimo mchangani na kutaga humo, katika visiwa na fukwe za Bahari ya Sham, Ghuba na Oman, kisha huteremka pwani ya Afrika Mashariki. Wapo wanaosafiri kutoka Ulaya kumtafuta yeye peke yake. Yangeyange, mdiria na furukombe ni wenyeji.

Miezi tunayoipendekeza ni Oktoba na Novemba, wageni wakiwa wamekwisha kufika na mvua za kusini hazijashika. Haya si mapendekezo ya starehe tu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika katika wilaya ya Kilwa, na wasafiri walikwama pande zote mbili. Anayelipia safari ya miezi ya mvua aulize mapema, na apate jibu kwa maandishi: barabara ikikatika, arubuni itarudishwa, itahamishiwa tarehe nyingine, au imepotea? Jibu la mdomo huyeyuka siku ya shida.

Tunamshauri pia anayetoka Dar es Salaam asijidanganye kuhusu umbali. Hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 400, nayo siku nzima ya kwenda na nyingine ya kurudi huisha barabarani. Mapumziko ya mwisho wa wiki hayatoshi. Usiku tatu ndio mpango wa haki. Aliye Lindi au Mtwara mjini, yeye anaweza kwenda na kurudi siku moja.

Katika mapatano ya mashua, ulizeni kama bei ni ya chombo au ya kila mtu, mafuta yamo au hayamo, na kusubiri maji yapande kunalipiwa na nani. Kila abiria awe na jaketi okozi, nalo livaliwe kabla ya kuondoka. Lililofungwa kwa kamba chini ya ubao si jaketi. Ukikosa, usipande, hata kama umekwisha kulipa. Fedha hudaiwa baadaye.

Anayetaka kuongeza usiku mmoja wa msituni anaweza kupanda uwanda wa Rondo, anakoishi komba wa Rondo, miongoni mwa komba wadogo kabisa duniani, mwenye mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Hutoka usiku tu, na msitu huo ni hifadhi, hivyo kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu kinatangulia. Ada yoyote ya Serikali hulipwa kwa namba maalumu ya malipo. Anayeiomba taslimu mkononi mwake asipewe.

Mkifika kijijini, jitambulisheni kwanza ofisi ya kijiji, na chakula cha mchana kiagizwe mapema, kwani mama lishe hapiki kwa ajili ya wageni asiowatarajia.

Wanaotoa huduma za utalii kwa biashara hupaswa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, ombeni kuiona. Dai la nauli ya basi lipelekwe LATRA, la usalama wa chombo TASAC. Aliyepotoshwa na tangazo anaweza kufika Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji katika biashara. Nendeni na risiti, mapatano yaliyoandikwa, na ujumbe wa simu ambao haujafutwa.