Je, Wajua? Kachero wa Kukodi Jijini Eldoret

Uganda Road imejaa mabango ya mawakili, madaktari wa meno na madalali wa ploti. Bango la kachero wa kukodi ni nadra kuliona, lakini wateja wake wapo tele. Yuko mke anayeambiwa kila wiki kwamba bwana amelala Kitale kikazi. Yuko mwana wa hapa aliye Marekani, anayetuma pesa za nyumba ya Elgon View ambayo hajaiona ila kwa picha. Iko kampuni ya bima iliyoletewa madai ya ajali yenye majeruhi wengi kuliko viti vya gari. Kabla hujamlipa mtu akuchunguzie jambo, haya ni baadhi ya mambo yanayofaa kujulikana.

Je, wajua kwamba mpelelezi wa kibinafsi anatakiwa kusajiliwa?

Wengi hudhani Sheria ya Udhibiti wa Usalama wa Kibinafsi, Nambari 13 ya 2016, ni ya mabawabu peke yao. Sivyo. Inamhusu pia mpelelezi wa kibinafsi, na mwenye kusajili ni mamlaka inayojulikana kwa ufupi kama PSRA. Uingereza, tuliyorithi kwake sheria chungu nzima, ilitunga sheria ya kuwapa wapelelezi leseni mwaka 2001, lakini kipengele hicho hakijawahi kuanza kutumika. Mtu wa London anaweza kuamka leo akajiita mpelelezi na asivunje sheria yoyote. Hapo tumewatangulia, angalau kwenye karatasi.

Ofisi inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza duniani kwa kazi hii ilifunguliwa Paris mwaka 1833 na Eugène François Vidocq, mfungwa wa zamani aliyezoea kutoroka jela. Siku hizi mwombaji huulizwa rekodi yake ya jinai kwanza. Vidocq angerudishwa mlangoni.

Je, wajua kwamba kachero huyu hana pingu?

Uwezo wake wa kukamata mtu ni ule ule ulio nao wewe. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamruhusu raia kumkamata anayetenda mbele ya macho yake kosa la kukamatwa bila hati, au anayemshuku kwa sababu za msingi kuwa ametenda kosa zito, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Zaidi ya hapo hana mamlaka. Akijitambulisha kuwa afisa wa DCI, idara ya upelelezi ya polisi, ili soja wa lango amfungulie, ameshatenda kosa, hata kama ndani ya ile nyumba kweli kuna mwizi.

Mauaji si kazi yake kabisa. Benjamin Kiplagat, mkimbiaji aliyeiwakilisha Uganda kwenye Olimpiki tatu, alipokutwa amechomwa kisu ndani ya gari mtaani Kimumu, hapa Eldoret, mkesha wa mwaka mpya wa 2024, waliosaka washukiwa walikuwa polisi, na picha za kamera za CCTV ziliwasaidia kuwapata upesi. Mwenye duka hana lazima ya kumpa kachero wa kukodi picha za kamera yake, na mitambo mingi hufuta picha za zamani ili kupata nafasi ya mpya. Kwa hiyo ukiibiwa, piga ripoti kituoni siku hiyo hiyo. Kachero anaweza kufuata baadaye.

Je, wajua kwamba wako wapelelezi wa kukodi ambao hawajawahi kumfuata mume wa mtu?

Hao ni wapelelezi wa bima. Wanasajiliwa chini ya Sheria ya Bima, Sura ya 487, na majina yao hutolewa na mamlaka ya kudhibiti bima, IRA, pamoja na ya wakadiriaji wa hasara. Adui yao mkubwa ni abiria hewa, yaani mtu anayedai fidia ya ajali ambayo hakuwemo.

Tuseme matatu ya abiria 14 imegongana na lori karibu na Burnt Forest. Miezi sita baadaye barua ya wakili inaifikia bima kwa niaba ya watu 19. Mpelelezi haanzi na watu, anaanza na karatasi. Kwanza ni Kitabu cha Matukio, ile OB ya kituo cha polisi: siku ile waliandikwa majeruhi wangapi, na kwa wino gani? Mistari ya mwisho imebanwa pembeni kana kwamba iliongezwa? Kisha rejista ya hospitali: huyu bwana alipokelewa tarehe ile kweli, au alikuja wiki mbili baadaye akilalamika mgongo? Halafu fomu ya P3, nayo ina sahihi ya daktari, na daktari anaweza kuulizwa.

Baada ya karatasi ndipo miguu inafanya kazi. Mpelelezi hufika hadi kwa mdai, akasalimu, akakubali chai, akauliza vitu vidogo. Ulipandia wapi? Nauli ilikuwa ngapi? Nani alikaa upande wa dirisha? Aliyekuwemo hukumbuka mambo ya kipuuzi: gunia la viazi lililombana miguu, kondakta aliyekatalia chenji yake ya shilingi 50. Asiyekuwemo hukumbuka ajali tu, tena kwa maneno yale yale ya barua ya wakili.

Kwa maoni yangu hakuna upelelezi mgumu kuliko huu, na hauna filamu hata moja.

Je, wajua kwamba lori lililopinduka lilimponza bingwa wa marathoni?

Wilson Kipsang wa Iten, mji ulio chini ya kilomita 40 kutoka Eldoret, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2013 kwa saa 2:03:23. Mwanariadha wa ngazi hiyo hulazimika kutaja kila siku mahali atakapokuwa kwa dakika 60, ili wapimaji wa dawa za kusisimua misuli wamkute bila taarifa. Akikosekana mara tatu ndani ya miezi 12, hilo ni kosa hata kama damu yake ni safi.

Kipsang alikosekana tarehe 17 Mei 2019. Akajitetea kwamba lori lilikuwa limepinduka na kufunga barabara, na picha ya lori akaitoa. Kitengo cha Uadilifu wa Riadha, AIU, chenye makao yake Monaco, hakikubishana naye kuhusu barabara za Bonde la Ufa. Kilifanya lile linalofanywa na mpelelezi wa bima: kikaitafuta ile ajali. Ikabainika kwamba lori lililo kwenye picha lilipinduka tarehe 19 Agosti 2019, miezi mitatu baada ya siku aliyoisemea. Mwaka 2020 alifungiwa miaka minne, kwa kukosekana na kwa kujaribu kuvuruga uchunguzi.

Tangu hapo uchunguzi wa namna hii umezidi katika nchi ya wakimbiaji. Mwaka 2022 serikali ya Kenya iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano za kupambana na dawa hizo, na si zote za kununulia chupa za mkojo. Sehemu ni ya watu wa kuuliza maswali.

Je, wajua kwamba anayekuahidi WhatsApp ya mumeo anakuuzia kosa la jinai?

Hapa ndipo matapeli walipojaa. Tangazo husema: leta nambari ya simu tu, baada ya saa moja utasoma kila ujumbe. Mara nyingi hupati kitu ila ombi la pesa ya pili. Na ukipata, hali ni mbaya zaidi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 inaweka faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka mitatu kwa kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa. Kunasa mawasiliano yake ni hadi milioni 10 au miaka mitano. Orodha ya simu alizopiga mtu hutolewa kwa amri ya mahakama, kwa hiyo anayekuuzia orodha hiyo ama ameipata kwa hongo ama ameitunga.

Usidhani wewe uliyelipa umesalimika. Kifungu cha 20 cha Kanuni ya Adhabu humhesabu aliyemtuma mtu kutenda kosa kuwa amelitenda yeye. Na ule ujumbe uliougharamia huenda usisomwe mahakamani kamwe: Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano, na ya 50(4) inataka ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki utupwe iwapo utaharibu haki ya kesi.

Halali ni ipi, basi? Mtu kuonekana akiingia mahali pa wazi. Gari kuonekana limeegeshwa. Hata ile hila ya mtaani inayojulikana na kila mtu, ya kuanza kutuma pesa kwa M-Pesa ili jina la mwenye nambari litokee halafu ukaghairi, haijafungua simu ya mtu.

Je, wajua kwamba picha za mpango wa kando hazikuongezei hata chumba kimoja?

Uzinzi si jinai Kenya. Uganda ulikuwa jinai hadi Mahakama ya Katiba ilipokifuta kifungu chake mwaka 2007. Kwetu ni sababu ya kuomba talaka chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, na mahakama haidai video ya chumbani. Mazoea ya mapenzi kati ya wawili hao, pamoja na nafasi ya kutenda, vinaweza kutosha. Tuhuma tupu hazitoshi.

Mali, hata hivyo, ni kesi nyingine. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hugawa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, na Mahakama ya Juu ilikazia hilo Januari 2023. Mwenye hatia ya uzinzi hanyang'anywi sehemu yake kwa sababu ya uzinzi. Nimeona watu wakimaliza akiba kumlipa mtu wa kukaa nje ya hoteli usiku kucha, ilhali stakabadhi za saruji na mabati walizonunua wenyewe, zilizo kwenye kabati, ndizo zingewapa nyumba. Muulize wakili kwanza unahitaji ushahidi wa nini.

Je, wajua kwamba mengi unayotaka yachunguzwe yako wazi serikalini?

Jina la mwenye ploti, na kama ina mkopo wa benki au zuio, hupatikana kwa kufanya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi. Mwenye gari yuko kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Wakurugenzi wa kampuni wako kwa msajili wa makampuni, kwenye hati iitwayo CR12. Kachero mwaminifu atakuambia hayo bure, kisha akutoze kwa lile usiloweza kulifanya ukiwa ng'ambo: kwenda Langas kuiona ploti, kuzungumza na mzee wa mtaa na majirani, na kuhesabu mifuko ya saruji iliyoko badala ya ile iliyoandikwa kwenye risiti.

Wazazi wa Uasin Gishu waliolipia watoto wao masomo ya Finland kupitia mpango wa kaunti wanaujua ugumu wa kuhakikisha mambo ya mbali. Kesi ya tuhuma za wizi wa takriban shilingi bilioni 1.1 ilifika mahakamani Agosti 2023, na washtakiwa wakakana. Swali ambalo mtu wa nje angeweza kuliuliza mapema ni dogo: je, chuo kimepokea karo ya mtoto huyu? Barua pepe moja inatosha kuliuliza.

Je, wajua kwamba WhatsApp inaweza kukuita mahakamani?

Zamani mpeleka samansi, kama kachero, aliwasaka watu mlango kwa mlango. Tangu kanuni za mashauri ya madai ziliporekebishwa mwaka 2020, hati inaweza kutumwa kwa programu ya ujumbe wa simu, na taarifa kwamba imefika ikahesabiwa.

Je, wajua kwamba kachero maarufu wa Kiswahili alibuniwa na afisa wa afya?

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliwahi kuwa mkaguzi wa afya kabla ya uandishi. Kachero wake, Bwana Msa, alianza katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichochapishwa 1960. Mtu aliyezoea kukagua nyumba za watu, ukifikiri vizuri, hakwenda mbali.

Je, wajua kwamba kuna kazi ambayo kachero mzuri huikataa?

Ni ya bwana anayetaka mke aliyemkimbia atafutwe na anwani yake iletwe. Ukanda huu una sababu ya kuiogopa. Mkimbiaji Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021. Mkimbiaji mwenzake, Rebecca Cheptegei, alifia katika Hospitali ya Moi hapa Eldoret tarehe 5 Septemba 2024, baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto. Sheria ya Kulinda Watu Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 huhesabu kumfuatafuata mtu kuwa dhuluma. Mpelelezi anayeijua kazi yake, akimpata mtu, humuuliza mwenyewe kama anataka kupatikana. Akikataa, mteja huambiwa yu hai, basi.

Ukimkodi mtu, taka usajili wake wa PSRA, mkataba wa maandishi unaotaja kazi na gharama, na ripoti yenye tarehe na saa. Picha na video za kidijitali zitahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kwa hiyo muulize mapema kama atakitia sahihi. Na ikiwa wewe ndiwe unayefuatwa, ripoti polisi, au piga 1195, nambari ya bure ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia kote nchini.